Jaribu Tena

Kijana wa laini pale Tandale kwa Mtogole
alinishika kidole kama mtu anayeshika dagaa mbichi,
akakibonyeza kwenye kioo cha kimashine chake.
Jaribu tena.
Akakifuta kwa pindo la shati. Jaribu tena.
Cha shahada, cha kati, gumba, vyote kumi
mashine ikavikataa kama noti iliyochanika.
"Mama, kwani unafanya kazi gani?"
Naweka dawa, nikamwambia.

Miaka kumi na tisa naweka dawa.
Lugha yetu ina huruma mno:
kinachotibu homa ni dawa, kinachoua panya ni dawa,
na hiki cha kopo jeupe, kinachopanda puani
kama kitunguu kilichosahauliwa mvunguni,
nacho tumekipa jina la hospitali.
Napaka, nahesabu dakika. Mteja anakaza taya.
"Bado kidogo. Vumilia."
Nimewaambia hivyo vichwa vingapi?
Nilimwambia Leokadia, ana miaka tisa,
kesho yake komunyo ya kwanza, shangazi amemkamata mabega.
Kidonda kilikaa nyuma ya sikio, kipana kama sarafu.
Leo ni mtu mzima. Nywele hazikurudi pale.
Anapafunika kwa zilizobaki,
na zilizobaki ananiletea mimi nizinyooshe.

Kwenye kopo pana maandishi, madogo kama mayai ya chawa,
lugha siijui. Juu yake stika.
Siku moja nilibandua kwa kucha:
chini ya stika stika, chini yake stika,
tarehe tatu, kila ya juu changa kuliko ya chini,
kama mwanamke anayepunguza umri kila akiulizwa.

Alhamisi wakaja watu wa viwango.
Bwana Mbiku akasoma chupa ya kulainisha kwa sauti,
akikwama kama mtoto wa chuoni kwenye aya ndefu.
"Fomalini," akasema. "Unajua hii kazi yake?
Kuzuia maiti isioze."
Wakabeba makopo kumi na moja.
La kumi na mbili waliliacha:
lilikuwa kichwani mwa Mama Nuru, dakika ya nane.

Bwana Mbiku, nikamwambia, mimi ni mkia.
Nyoka huyu tumbo lake liko Kariakoo, kwenye ghala lenye feni,
na kichwa chake kilipita bandarini,
mlango wenu, ufunguo wenu.
Bomba linavuja kwenu, mnakuja kupiga deki kwangu.
Hakunijibu. Akanipa fomu. "Saini, au dole."
Nikachagua dole, makusudi.

Wino ukaacha duara tupu,
halina mstari, halina njia,
doa la bluu ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote.
Akalitazama muda mrefu.
Mwenzake, binti mwenye nywele za kumwagika mabegani,
akajishika kisogo bila kujua.

Sasa nasuka tu. Twende kilioni, mabutu, mistari.
Pato limekonda, mwenye fremu hajui habari za fomalini.
Na jirani yangu Chiku bado anaweka,
kopo kaliviringisha kwenye khanga kuukuu;
wateja wangu wanapita mlangoni kwangu
wakijifanya wanatafuta kitu kwenye pochi.
Siwasemi. Mimi ndiye niliyewafundisha kuvumilia.

Mwezi wa tano nikarudi kwa kijana wa laini.
Gumba, jaribu tena. Shahada, jaribu tena.
Nikaona aibu ya foleni nyuma yangu.
Tukafika kidole cha mwisho, cha kushoto, kile kidogo
ambacho hakijawahi kushika chanuo wala brashi.
Mashine ikalia: tii.

Kijana akacheka. "Huyo hapo, mama. Umeonekana."
Nikakitia kidole changu mdomoni, kama mtoto,
nikavihesabu vilivyobaki.
Tisa.